Mtoto wa kifua sugu akishatulia, nesi unafanya nini zaidi ya kutoa dawa kwa saa?

mgeni_wodini

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo hasa manesi mliokaa wodi ya watoto muda mrefu. Mi nimehamishiwa huku nikitokea upasuaji wa watu wazima na hizi kesi za vifua sugu ndo zinanitoa jasho, namaanisha wale wa pumu, wale njiti waliotoka na mapafu mabovu, wale wenye makohozi ya kila siku baada ya nimonia za kurudiarudia au TB, na kuna mmoja ana sikoseli na kifua juu yake.

Mtoto akija amebanwa najua cha kufanya, oksijeni, nebulaiza (mashine ya kugeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta), steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe), namuita daktari, tunahangaika nae mpaka anatulia. Shida yangu ni baada ya hapo. Akishatulia nabaki naangalia chati, natoa dawa kwa saa basi, anaruhusiwa, tunampa inhela na maelezo, alafu anarudi yuleyule na hali ileile. Mama ukimuuliza unampa dawa? "Nampa sista, kila siku." Sasa tatizo liko wapi?

La pili, kile kifaa cha kidole cha kupima oksijeni kwenye damu kinasoma asilimia 95 lakini macho yangu yananiambia huyu mtoto hayuko sawa, niamini kipi. La tatu, hivi kugongwagongwa mgongo kunasaidia kweli? maana kila ndugu akija kutazama mgonjwa anaomba mtoto agongwe mgongo.

sista_mkongwe

Karibu huku mdogo wangu, utapazoea. Naanza na hilo la kwanza maana ndo kazi yenyewe, hayo mengine wenzangu watamalizia.

Usimuulize mama "unampa dawa?" Atakwambia nampa, na hakudanganyi, anampa kweli. Mwambie "hebu nionyeshe unavyompa", mkabidhi inhela na spesa (lile kopo la plastiki linalounganishwa na inhela, mtoto anavutia humo), alafu nyamaza. Usimsahihishe katikati, mwache amalize, we angalia tu. Hapo utaona vyote. Atakayebonyeza bila kutikisa, atakayebonyeza mara tatu mfululizo ndani ya spesa kisha amwambie mtoto vuta, atakayeweka maski iko juu ya kidevu tu hewa inatokea pembeni, mwingine anampulizia mtoto mdomoni moja kwa moja bila spesa na nusu ya dawa inaishia ulimini. Na kuna wanaosubiri mtoto alie ndo wampe, wanaamini akilia anavuta sana, kumbe mtoto anayelia dawa inayofika kwenye mapafu ni kidogo mno. Bora ampe akiwa ametulia mapajani au hata amesinzia.

Inavyotakiwa: tikisa, mbonyezo mmoja, mtoto avute pumzi 5 au 6 za kawaida ndani ya spesa, subiri kama nusu dakika au dakika, tikisa tena ndo ubonyeze wa pili. Mdogo chini ya miaka 4 hivi tumia maski iliyobana vizuri puani na mdomoni, mkubwa anaweza kushika kile cha mdomoni. Akimaliza ile ya steroidi asukutue na kutema, mdogo asiyeweza umfute uso na kumsafisha mdomo, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni alafu mama aseme dawa imemdhuru na aiache.

Hospitali nyingi spesa hakuna au zimeisha. Usimwache mama aondoke bila kitu. Chupa ya plastiki ya nusu lita inafanya kazi, na sio ubabaishaji wa kwetu manesi, ilipimwa Afrika Kusini kwa watoto wa pumu na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1999, ikaonekana inafanya vizuri kama spesa ya kiwandani. Unatoboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa inhela iingie kwa kubana, pembeni pasivuje, mtoto anavutia kwenye mdomo wa chupa. Ioshe kwanza na maji ya sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe, usiifute na kitambaa ndani maana plastiki ikifutwa inapata umeme ule wa kunasisha vitu na dawa inagandia ukutani mwa chupa.

Kitu cha pili utakachokiona ukikaa kimya ni kwamba hajui ipi ni ipi. Kuna inhela ya kufungua kifua, ile ya salbutamol, na kuna ya kukinga, ya steroidi. Ya kukinga haifungui kifua hapohapo, inachukua siku hadi wiki kadhaa kifua kianze kutulia, kwaiyo mama anaijaribu siku amebanwa, anaona haina kazi, anaiweka kabatini. Alafu ile ya kufungua anampa kila siku kwa sababu anaona matokeo. Yaani anafuata akili yake vizuri kabisa ila kwa maelezo nusu tuliyompa sisi. Mfundishe kwa jina la dawa na andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye boksi NA kwenye inhela yenyewe "KILA SIKU" na "AKIBANWA". Usitegemee rangi peke yake, kampuni zinatofautiana.

Na inhela kuisha nayo. Nyingi zina mibonyezo 200. Dawa ikiisha gesi inaendelea kutoka, mama anasikia "fsss" anajua ipo. Zile zenye kihesabio hakuna shida, zisizo na kihesabio piga hesabu nae pale kitandani: mibonyezo 2 asubuhi 2 jioni ni 4 kwa siku, 200 inaisha siku ya 50, andika hiyo tarehe kwenye boksi. Ile ya kuielekeza kwenye maji kuona kama inaelea msiwafundishe, haiaminiki.

Haya yote usiyasubirie siku ya kuruhusiwa, siku hiyo mama akili iko kwenye kuondoka tu. Anza siku mtoto akitulia, kila dozi ya inhela hapo wodini ampe mama mwenyewe wewe ukiwa pembeni.

kliniko_wa_usiku

Sista kamaliza hilo la inhela. Mi nizungumzie kifaa cha kidole.

Kwanza, hiyo 95 umeisoma mtoto yuko na oksijeni au bila? Maana 95 kwenye oksijeni ya lita 2 kwa dakika sio 95 ya hewa ya kawaida, na chati nyingi watu wanaandika namba tu. Andikeni na lita, kila mara.

Pili, mtoto anaweza kushikilia 95 kwa muda kwa kupumua kwa nguvu zake zote. Kifaa kinakwambia oksijeni kwenye damu, hakikwambii anailipia kwa gharama gani, hiyo unaiona kwa macho: pua zinapanuka, kifua cha chini kinabonyea ndani akivuta, kichwa kinatikisika kila pumzi, hawezi kumaliza sentensi, hataki kunyonya. Akichoka hiyo namba inaporomoka ghafla na hapo umechelewa. Kingine, mikono ya baridi, mtoto anayerusharusha kidole, rangi iliyopakwa kwenye kucha, vyote vinavuruga, na kwenye ngozi nyeusi hivi vifaa vimeonekana kusoma juu kuliko hali halisi ya damu. Kwaiyo kama macho na kifaa vinapingana, macho kwanza. Kinyume chake pia, ukiona 78 mtoto anacheza anacheka, badilisha kidole kabla hujapiga kelele.

Na hesabu pumzi mwenyewe dakika nzima mtoto ametulia, sio sekunde 15 unazidisha kwa 4. Watoto wadogo wanapumua kwa mbio kidogo alafu wanapumzika, robo dakika inakudanganya. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani unaijua nadhani, 60 na zaidi chini ya miezi 2, 50 na zaidi kuanzia miezi 2 mpaka kabla ya mwaka, 40 na zaidi kuanzia mwaka mpaka miaka 5. Ila kwa mtoto wa kifua sugu hiyo haitoshi. Kuna njiti wanaopumua 55 siku zao nzuri. Muhimu ujue YEYE akiwa vizuri anapumua ngapi na oksijeni yake inasoma ngapi, uandike kwenye kadi siku ya kuruhusiwa, ili atakayempokea usiku wa manane awe na cha kulinganisha. Mi nikipokea kadi yenye hiyo namba namuombea dua nesi aliyeandika 😀

Mwisho, mtoto wa pumu aliyekuwa na mluzi kifuani alafu mluzi ukapotea huku bado anahangaika au ameanza kusinzia, huyo hajapona. Hewa haiingii kabisa ndo maana hausikii kitu. Kimbia.

babu_dawa

Mbona mnazunguka sana, mtoto akikohoa usiku mpeni dawa ya kikohozi ile ya kulaza alale na antibayotiki ya wiki moja kifua kinasafishika. Sisi tumekua hivyo hivyo.

sista_mkongwe

@babu_dawa hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Mtoto aliyebanwa kifua hapewi kitu cha kumlaza, kinapunguza upumuaji wenyewe. Zile zenye kodeini ndo kabisa, mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 iliweka wazi kwamba asipewe mtoto chini ya miaka 12. Na antibayotiki haifungui pumu, inasaidia pale kuna maambukizi ya bakteria. Hawa wa makohozi sugu wanazihitaji kweli lakini kwa mpango wa daktari na ikibidi makohozi yapimwe, sio wiki moja moja za kujinunulia.

fizio_kifua

Naona swali la mgongo limenisubiri mimi.

Jibu fupi: inategemea ni kifua gani. Mtoto wa pumu aliyebanwa, usimgonge. Njia zake zimekaza na kuvimba, kumgonga hakuzifungui, unamchosha tu. Kichanga mwenye mafua yaliyoshuka kifuani hivyohivyo, tafiti hazikuona faida.

Sasa wale wenye makohozi kila siku, njia za hewa zilizotanuka na kuharibika baada ya maambukizi, au wale wenye ule ugonjwa wa kurithi wa sistiki fibrosisi, hao kusafisha kifua ni sehemu ya maisha yao kama dawa, mara moja au mbili kila siku hata siku anazojisikia vizuri, hasa siku hizo. Lakini kugonga ni njia moja tu na sio bora kwa kila umri. Mtoto akishaweza kufuata maelekezo mfundishe kuvuta pumzi ndefu, kuishikilia kidogo, kisha kutoa kwa "haaa" ya nguvu mdomo wazi kama anataka kutia ukungu kwenye kioo, ile inasukuma makohozi kuja juu bila kukohoa mpaka kutapika. Mdogo zaidi mpe mrija apulize mapovu kwenye chupa ya maji (hakikisha anajua kupuliza, sio kunywa). Na kukimbia, kuruka, kucheza mpira ni fizio nzuri kuliko mikono yangu, sijui nani aliwaambia wazazi mtoto wa kifua asicheze. Mwenye pumu inayoshtuka akikimbia anapewa inhela ya kufungua dakika 10 hadi 15 kabla, kama daktari kamuandikia hivyo, kisha aachwe acheze.

Muda: kabla ya kula au saa moja na nusu hadi mbili baada ya kula, la sivyo atatapika. Kama anatumia dawa za kuvuta, ya kufungua kifua inatangulia, anasafishwa, ya steroidi inakuja mwisho kifua kikiwa kisafi. Kichanga usimlaze kichwa chini miguu juu kama tulivyokuwa tunafundishwa zamani, maziwa yanapanda na yanaweza kuingia njia ya hewa. Na ukiona damu kwenye makohozi, acha, ita daktari.

Kumbuka watoto wadogo wanameza makohozi. Mama akisema "hatoi makohozi" haina maana hayapo, sikiliza kikohozi chenyewe. Kikohozi chenye unyevunyevu kinachozidi wiki 4 bila kukatika kina haki ya kuchunguzwa, sio kuandikiwa sirapu nyingine.

Huyo wako wa sikoseli akilazwa na maumivu ya kifua au mgongo usimwache alale tu amejikunja. Maumivu yanamfanya apumue juujuu, sehemu ya chini ya mapafu inajifunga na hapo ndo balaa la kifua linaanzia. Dawa ya maumivu ya kutosha, kisha pumzi ndefu 10 kila baada ya saa 2 akiwa macho, kwa kile kifaa chenye mipira midogo inayopanda akivuta pumzi, au mdogo apulize mapovu ya sabuni. Homa, maumivu ya kifua na kupumua haraka vikija pamoja kwa mtoto wa sikoseli hiyo ni dharura hata kama anaongea.

mama_wa_mapacha

Mi sio nesi ila nina mapacha waliozaliwa kabla ya wakati, mmoja ana pumu mpaka leo, naomba niseme upande wetu.

Sista kasema ukweli kuhusu "nionyeshe" ila namna ya kusema ni muhimu. Kuna hospitali moja (siitaji) nesi aliniambia mbele ya wodi nzima "ndo maana mtoto haponi, mama hujui hata kushika inhela" na sikuuliza tena swali lolote pale hata nililokuwa nalihitaji. Tunafika tumekesha siku nyingi, nyumbani kuna mwingine tumemwacha, na kila mtu ana lake, bibi anasema hiyo inhela inazoesha, jirani anasema steroidi itamdumaza mtoto. Hilo la kudumaa liongeeni nyinyi kabla hatujauliza, maana hatuulizi, tunaacha dawa kimyakimya. Mimi daktari mmoja ndo alinikalisha akaniambia ukweli wote, kwamba zile za kuvuta zinaweza kupunguza urefu kama sentimita moja hivi, na pumu isiyotulizwa nayo inamrudisha mtoto nyuma kwenye kukua, na mtoto atapimwa urefu kila kliniki. Nikaelewa. Angeniambia "haina madhara yoyote" nisingemwamini.

Alafu mpango wa maandishi jamani. Usiku wa saa nane mtoto amebanwa akili inahama. Kilichotusaidia ni karatasi moja ukutani: akiwa hivi fanya hivi, akianza kukohoa usiku fanya hivi, mibonyezo mingapi, na akifika hapa usisubiri asubuhi, nenda. Yangu imeandikwa akihitaji tena ile ya kufungua kabla hayajapita masaa manne tangu dozi iliyopita twende hospitali, midomo ikibadilika rangi au akishindwa kuongea twende hapohapo huku tunampa njiani. Nakala moja iko shule pamoja na inhela. Mwalimu alikuwa anaifungia ofisini kwenye kabati, ilibidi tumuombe akae nayo darasani.

Na moshi. Mume wangu anavutia nje lakini shati linaingia nalo ndani. Nesi aliyetusaidia hakumgombeza, alimuuliza tu "baba unavutia wapi, na unambeba mtoto saa ngapi?" akajijibu mwenyewe.

mgeni_wodini

Asanteni sana, nimenakili kwenye daftari. Leo nimefanya hiyo ya "nionyeshe" kwa mama mmoja, kwa upole na pembeni 🙏 na kweli inhela anayompa mtoto kila siku ni ile ya kufungua, ya kukinga iko kwenye mkoba haijafunguliwa hata boksi.

Naongeza swali kama hamjachoka. Nina kichanga njiti, alishafika wiki 36 za mimba kwa hesabu na bado yuko na oksijeni, hapandi uzito. Ananyonya kidogo analala. Mama anaambiwa na kila mtu amnyonyeshe muda mrefu zaidi lakini naona akinyonya muda mrefu ndo anazidi kuchoka.

sista_mkongwe

Umeona vizuri. Kunyonya kwa huyo ni mazoezi mazito, nguvu anayoitumia kupumua inakula chakula chote alichopata. Kwaiyo kidogokidogo na mara nyingi, na asafishwe pua kwanza kwa matone ya maji ya chumvi, vichanga wanategemea pua sana. Oksijeni usiitoe wakati wa kunyonya eti inamsumbua, huo ndo muda anaihitaji zaidi, angalia kifaa akiwa ananyonya na sio akiwa amelala tu. Akiwa anapumua zaidi ya 60 hadi 70 kwa dakika, au anakabwa, au anabadilika rangi katikati, usimlazimishe mdomoni, maziwa ya mama yakamuliwe yapite kwenye mpira wa puani mpaka atulie, mama aendelee kumweka ngozi kwa ngozi ili maziwa yasikauke. Ongea na daktari na mtu wa lishe kuhusu kuyaongezea nguvu maziwa, watoto hawa wanahitaji nishati zaidi ya wenzao. Pima uzito kila siku, saa ileile, mzani uleule. Ukipanda ghafla sana nao usishangilie, inaweza kuwa maji, mwambie daktari.

kliniko_wa_usiku

Nyongeza mbili kabla sijaingia zamu. Hakikisheni chanjo zake zinafuata umri wake wa kuzaliwa, sio umri wa kusahihishwa (unaohesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa), njiti wengi wanacheleweshwa bila sababu, na akifika miezi 6 apate na chanjo ya mafua makali (influenza) kama ipo. Na kama ataenda nyumbani na oksijeni, mafunzo yaanze sasa: mtungi usimame mbali na moto, jiko na mshumaa, hakuna mtu kuvuta sigara nyumba hiyo, na wasimpake mafuta ya mgando puani pale mipira inapokwaruza, wapewe ya maji.

mama_wa_mapacha

Na muulizeni nani mwingine atafundishwa zaidi ya mama. Sisi ilikuwa mimi peke yangu ndo najua mtungi, nikaugua.

mgeni_wodini

Bibi yake yupo, anakuja saa za kutazama wagonjwa. Kesho namkalisha nae.